Breki za Umeme katika Tela la Karafuu



Msimu wakaribia, na kama ilivyo ada, ofisini kwetu yameanza maswali ya magunia, majamvi na usafiri. Safari hii swali lililotujia zaidi ni la matela. Wanachama kadha wamenunua, au wataka kununua, matela ya mkono wa pili yenye breki za umeme, nao wauliza nyaya zake zafungwa vipi, na kama haifai kuziacha tu, tela likavutwa hivi hivi.

Hilo la pili tutalijibu kwanza, maana jawabu lake ni fupi. Haifai. Gari likisimama, tela lililo nyuma yake halina habari, lenyewe lasukuma. Katika njia tambarare dereva huenda asihisi, lakini Pemba ni vilima na mabonde, na kwenye mteremko ulionyeshewa mvua tela zito huweza kulisukuma gari hata likageuka ubavu barabarani. Na kando ya barabara hizo hizo ndiko wanakopita watoto wetu wakienda chuoni. Huko Uingereza tela linaloruhusiwa kuzidi kilo 750 pamoja na mzigo wake ni lazima liwe na breki. Australia nao mpaka wao ni kama huo. Majimbo mengi ya Marekani yameweka ratili 3,000, yaani kilo 1,360 hivi. Mtu akipakia magunia 15 ya kilo 50 amekwisha fika kilo 750, na chuma cha tela bado hakijahesabiwa.

Breki yenyewe si kitu cha ajabu. Ndani ya kila gurudumu mna sumaku ya umeme iliyofungwa kwenye mkono wa chuma. Umeme ukipita, sumaku hunasa kwenye uso wa ndani wa dramu inayozunguka, ikavutwa nayo kidogo, na ule mkono ukazisukuma shuu za breki zikabana. Hapana mafuta wala mabomba. Kwa kuwa ni mzunguko wa gurudumu ndio uivutao sumaku, breki hii si ya kuegeshea. Tela likisimama mlimani, tieni mawe magurudumuni.

Umeme huo hutoka kwenye kisanduku kidogo kinachowekwa karibu na usukani. Vingi vitokavyo Marekani vina nyaya nne. Mweusi huenda kwenye chanya ya betri, ukipitia fyuzi ya kujikata yenyewe: ampea 20 kwa breki mbili, 30 kwa breki nne. Mweupe huenda kwenye hasi ya betri moja kwa moja, si kwenye bodi. Mwekundu huungwa kwenye swichi ya taa za breki, upande ule usio na umeme mpaka pedeli ikanyagwe. Wa buluu ndio upelekao umeme kwenye tela kupitia plagi. Hata hivyo someni karatasi ya kisanduku chenu kabla ya kukata waya wowote, kwani watengenezaji si wote wa rangi moja. Na angalieni volti! Malori mengi hutumia 24, na breki nyingi za namna hii ni za 12. Ukiziunga vivyo hivyo, utaunguza sumaku.

Kwenye tela, kila sumaku ina nyaya mbili, na hazina chanya wala hasi. Mmoja huungwa na wa buluu, wa pili na mweupe, na kila gurudumu hivyo hivyo. Mafundi wengine huunga sumaku ya kwanza na ya pili kwa kufuatana, ili kuokoa waya. Basi kila moja hupata nusu tu ya volti, na tela husimama kwa kusitasita.

Jambo ambalo twaomba mlishike zaidi ni unene wa waya. Sumaku moja ya breki ya inchi 10 au 12 hula karibu ampea 3, mbili ni 6. Chukueni waya wa mita 10 kwenda na 10 kurudi. Ukiwa wa milimita 1.5 za mraba, ule wa taa za nyumbani, zaidi ya volti 1 hupotea njiani. Ukiwa wa milimita 4, hupotea nusu volti tu. Kwa breki nne tumieni wa 6. Mweupe nao uwe mnene vile vile, wala msitegemee kichwa cha kuvutia tela kupitisha hasi, kwani mna grisi na kutu. Viungo vilehemiwe na vizibwe vizuri. Hewa yetu ya chumvi huila shaba ikawa kijani kabla msimu haujesha, na dukani hakuna atakayekwambia hayo.

Tela liwe pia na betri yake ndogo ya volti 12 na swichi yenye pini. Kamba ya pini hufungwa kwenye gari lenyewe, kamwe si kwenye minyororo ya tela. Tela likichomoka, pini hutoka na breki zikakaza zenyewe. Sheria ya magari ya biashara ya Marekani yataka zishike kwa dakika 15 kwa uchache. Jaribuni kwa kuinua gurudumu kwa jeki, kulizungusha na kuchomoa pini. Mkiona limesimama, irudisheni upesi, sumaku zisichemke bure.

Mwisho wa kazi, fundi aweke kipima ampea katika waya wa buluu. Breki mbili zikionyesha 6 au karibu yake, mambo ni mema. Zikionyesha 3, gurudumu moja halipati kitu. Kisha mpakie mzigo wa kawaida, mwende katika njia kavu isiyo na watu kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, na mvute mkono wa kisanduku. Ongezeni nguvu mpaka magurudumu ya tela yagande, kisha punguzeni kidogo. Tela likiwa tupu, au njia ikilowa, hupunguzwa tena. Na mteremkoni shikeni gia ndogo tangu juu, msingojee katikati.

Mwanachama mwenye tela na aje nalo ofisini kabla ya kuanza kuchuma, pamoja na karatasi ya kisanduku chake. Kipima ampea cha chama kipo, na hakina malipo.