Gari liko Shinyalu, jina liko Doha

Mteja wangu mmoja, muuguzi kutoka Shinyalu anayefanya kazi Doha, alinipigia simu saa nne usiku akiwa ndio anatoka zamu. Alikuwa ameshalipa faini ya gari lake, halafu nyumbani wakamwambia faini bado ipo. "Wakili," akaniuliza, "huko Kakamega kosa moja hulipiwa mara ngapi?"

Gari ni Toyota Fielder aliyoinunua kwa akiba ya miaka mitatu. Analiendesha mdogo wake wa kiume. Linampeleka mama kliniki, linakwenda matangani, na siku za soko linabeba ndizi, ingawa hilo la ndizi halikuwa kwenye makubaliano. Kilichomfikia Doha ni ujumbe mfupi wa simu: namba ya gari sahihi, kosa la kwenda kasi, shilingi 3,000, na namba ya simu ya kutumia pesa. Kwa kuwa namba ya gari ilikuwa sahihi, akaamini, akatuma. Lakini namba ya gari imebandikwa mbele na nyuma, na yeyote aliyesimama kando ya barabara ya Kisumu anaisoma. Haithibitishi chochote.

Kumbe faini ya kweli ilikuwepo, na haikuwa na uhusiano wowote na ujumbe ule. Mdogo wake alisimamishwa Khayega akiwa na kasi ya kilomita 68 kwa saa, akaandikiwa karatasi ya kufika mahakamani, akaikunja mara nne na kuichomeka juu ya kioo, kwenye kile kikingajua cha dereva. Alikusudia kumwambia dada mwisho wa mwezi, baada ya mshahara kuingia. Dada akalipa faini ya matapeli huku ya serikali ikipigwa na jua.

Tuanze na hizo kilomita 68. Sheria ya Trafiki ya Kenya inaweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa ndani ya miji na vituo vya biashara, uwe na lori au gari dogo. Ukitoka Kakamega mjini kuelekea Chavakali unapita Ilesi, Khayega, Mukumu na Sigalagala, vituo vinavyokaribiana kiasi kwamba dereva anayejisahau kidogo tu tayari amevunja sheria. Kanuni za makosa madogo za mwaka 2016 zimepanga bei kwa ngazi. Ukizidisha kilomita 1 hadi 5, unaonywa. Kilomita 6 hadi 10 ni shilingi 500. Kuanzia 11 hadi 15 ni shilingi 3,000, na 16 hadi 20 ni shilingi 10,000. Kijana wetu alizidisha kwa 18, kwa hiyo hata kiasi cha matapeli kilikuwa kimekosea hesabu. Angezidisha kwa 21, angekuwa ametoka kwenye orodha hiyo kabisa, na kwa makosa mazito ya kasi sheria inamruhusu hakimu kutoza hadi shilingi 100,000.

Orodha ile ina makosa zaidi ya 30. Kutofunga mkanda ni shilingi 500, kushika simu ukiendesha 2,000, kuziba barabara 10,000. Utaratibu wake umejengwa juu ya kifungu cha 117 cha Sheria ya Trafiki: askari anakupa notisi, ukikubali kosa unalipa kiasi kilichotajwa, ukikana unakwenda kujitetea mbele ya hakimu. Anayekaa kimya hadi tarehe ipite anajitafutia waranti, na waranti ikishatoka, jambo la shilingi 500 linaweza kukulaza seli.

Notisi ya askari ina jina la dereva, kwa sababu dereva alikuwa amesimama pale. Kamera haimwoni dereva kwa jina. Inaona namba ya gari, na namba inaelekeza kwenye logibuku. Kifungu cha 8 cha sheria hiyohiyo kinasema aliyeandikishwa ndiye anayechukuliwa kuwa mwenye gari hadi ithibitishwe vinginevyo. Nyumbani tunasema "gari letu", lakini kwa sheria hakuna gari la familia. Kuna gari la mtu mmoja ambalo familia hulipanda. Kwa hiyo kadiri faini zinavyohama kutoka mkono wa askari kwenda kwenye kompyuta, ndivyo zinavyomwacha kijana wa Khayega na kumfuata dada wa Doha.

Wenzetu wametangulia na tunaweza kuwachungulia. Uingereza, barua ya kamera hupelekwa kwa mwenye gari ndani ya siku 14, naye ana siku 28 za kumtaja aliyekuwa akiendesha. Asipomtaja, hilo ni kosa jingine juu ya lile la kwanza. Tanzania, unaingiza namba ya gari kwenye tovuti ya polisi na kuona deni lake ukiwa popote duniani, kisha unalipa kwa namba ya malipo ya serikali. Kwa mtu wa ughaibuni sijaona utaratibu wenye ukarimu kuliko huo. Uganda walianzisha mfumo wa kamera kutoza zenyewe Juni 2025, malalamiko yakawa mengi, ukasitishwa mwezi huohuo. Hapa kwetu, faini za kamera zikizungumziwa, swali la mawakili huwa lilelile: unamtozaje mtu kabla hajasikilizwa, wakati Kifungu cha 50 cha Katiba kinampa haki ya kujitetea? Ni swali zuri. Lakini sheria yetu pia inamtaka mwenye gari awaambie polisi nani alikuwa akiendesha akiulizwa, na ughaibuni si kisingizio cha kutojua. Weka basi daftari, hata kama ni kundi la WhatsApp la watu watatu, linaloonyesha gari lilikuwa na nani siku gani.

Sasa nifike kwenye jambo linalonikosesha usingizi zaidi ya faini, yaani laini ya simu. Akaunti ya NTSA, mamlaka inayosajili magari, siku hizi iko chini ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na imefungwa kwa namba ya simu uliyojiandikishia. Wengi wanaoondoka huacha laini hiyo nyumbani, kwa mama au kwa anayebaki na gari, "ili ujumbe ukija tuuone." Nia ni njema. Ila laini inayopokea taarifa za gari ndiyo inayopokea pia msimbo wa kuthibitisha kwamba wewe ndiwe wewe. Uhamisho wa gari siku hizi huanzishwa na muuzaji kwenye akaunti yake, mnunuzi akakubali kwenye yake. Mwenye nywila yako na laini yako, kwa hiyo, ana kila kinachohitajika kuanza kuliuza gari lako. Nimewahi kuona ndugu wa tumbo moja wakifikishana mahakamani kwa njia hiyo, na mama yao ameketi katikati ya benchi.

Usiiache laini basi. Iwekee huduma ya kupokea ujumbe ukiwa nje uondoke nayo, au ubadilishe namba kwenye akaunti kabla ya kupanda ndege. Na usiiache ife: laini isiyotumika muda mrefu huzimwa, na namba yake huweza kupewa mtu mwingine ambaye atakuwa akipokea habari za gari lako bila kujua ni za nani. Malipo ya eCitizen hupitia namba ya malipo 222222 au kadi ya benki, na kadi inafanya kazi hata ukiwa Doha. Ujumbe unaokuelekeza kutuma kwa namba ya mtu binafsi, ufute, kisha ingia mwenyewe kwenye akaunti uangalie.

Kama gari litabaki na mtu miaka mitano, mimi humshauri mteja alihamishe kwa jina la huyo mtu na kuandikiana mkataba pembeni. Wengi hukataa, na naelewa kwa nini. Kwao kuna hati ya uwakili, inayosainiwa mbele ya mthibitishaji au ubalozini na kusajiliwa hapa Kenya. Taja ndani yake kila jambo ambalo mshikaji anaruhusiwa kufanya, bima, ukaguzi, kufuatilia kesi, na uandike wazi kwamba kuuza hakumo. Hati za "afanye lolote kuhusu gari langu" mimi hukataa kuziandaa.

Kesi ya Khayega haikuwa ngumu. Karatasi ilipofunuliwa mezani kwangu ilikuwa na madoa ya mafuta, na nyuma yake kulikuwa na namba ya fundi wa breki, ila tarehe ya mahakama ilikuwa bado siku nne. Kijana alikubali kosa, akalipa shilingi 10,000, nusu kutoka mfukoni mwake. Dada alisisitiza hiyo nusu. Zile 3,000 za matapeli tuliziripoti polisi, na mpaka leo hazijaonekana.

Sasa kijana hupiga picha ya kila karatasi na kumtumia dada siku hiyohiyo. Jumatatu iliyopita ilikuwa risiti ya kuegesha gari mjini, karibu na soko. Dada akajibu na swali moja tu: ndizi ni za nani?