Mfuko wa Mzazi Hupangwa na Barabara

Mkunga anayempokea mama aliyekwisha kuanza kusukuma hana muda wa kupekua begi. Anaingiza mkono na kutoa kinachoshikika. Kikiwa pakiti ya biskuti, au gauni la kurudia nyumbani, anaingiza mkono tena, na huku mtoto haoni sababu ya kumsubiri. Kwa hiyo mama wa kata ya Hirbadaw, wilayani Hanang, anayejiandaa kujifungua, kabla ya kuuliza anunue nini, aulize kwanza nini kikae juu.

Juu kabisa zikae khanga mbili zilizofuliwa, zikaanikwa juani mpaka zikakauka kabisa. Ya kwanza ni ya kumkausha mtoto. Anatoka amelowa, na baridi ya nyanda hizi chini ya Mlima Hanang, hasa mwezi wa sita na wa saba, haimhurumii aliyelowa. Mkunga anamfuta kichwa, mgongo, mikono na miguu, tena kwa nguvu kidogo, kwa kuwa kule kusuguliwa ndiko kunakowashtua watoto wengi waliotoka wamezubaa, wakavuta pumzi na kulia. Khanga hiyo ikishalowa inawekwa kando. Ya pili, kavu, ndiyo ya kumfunika akiwa amelazwa kifuani pa mama yake, ngozi kwa ngozi, na kofia ya sufu kichwani. Anayekuja na khanga moja, mtoto wake atafunikwa kwa ile iliyolowa.

Wanaojua thamani ya dakika ya kwanza ya mtoto kuliko wengi duniani wako jirani tu. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, wilayani Mbulu, iliyofunguliwa na wamisionari wa Norway mwaka 1955 na ambayo leo iko chini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), Dayosisi ya Mbulu, ni mahali ambapo watafiti walisimama kando ya vitanda vya leba, usiku na mchana, wakipima kwa saa kinachomtokea mtoto tangu anapotoka. Mwaka 2012 Hege Ersdal wa Norway na wenzake walichapisha walichokiona: kwa mtoto asiyepumua, kila sekunde 30 zinazopita kabla ya kupewa hewa kwa kifaa zinaongeza kwa asilimia 16 hatari ya kufa au kulazwa muda mrefu. Mwaka uliofuata Dk. Georgina Msemo na wenzake wakatoa matokeo ya hospitali 8 za Tanzania, Haydom ikiwamo, ambako wakunga walifundishwa kumkausha, kumsisimua na kumpa hewa mtoto ndani ya dakika ya kwanza. Vifo vya watoto wachanga katika saa 24 za mwanzo vilipungua kwa asilimia 47. Kifaa cha hewa na mafunzo ni kazi ya hospitali. Khanga kavu inatoka nyumbani.

Chini ya khanga vifuate vifaa vyenyewe: nailoni ya kutandika kitandani, glavu pea kadhaa ambazo pakiti zake hazijafunguliwa, wembe mpya, kibanio cha kitovu au nyuzi safi, bunda la pamba, pedi kubwa za uzazi, sabuni. Visitawanywe begini. Zamani vingefungwa kwenye rambo, lakini rambo zilipigwa marufuku Juni 2019, na kusema kweli hazikuwa na faida kubwa kwenye pikipiki wakati wa mvua. Kinachofaa zaidi ni ndoo ndogo yenye mfuniko. Haiingizi vumbi wala tope, inafungwa kwa mpira nyuma ya bodaboda, na mama akishajifungua inageuka ndoo yake ya kuogea. Begi la nguo, liwe shangazi kaja au kiroba cha kushona, lifuate baadaye.

Hapa msomaji atauliza, na ana haki: si huduma ya uzazi ni bure? Kwenye karatasi, ndiyo. Msamaha wa ada kwa wajawazito na watoto chini ya miaka mitano katika vituo vya serikali ulianza miaka ya 1990, na Sera ya Afya ya mwaka 2007 iliurudia. Lakini mama anayekwenda kliniki huwa anaambiwa pale pale aje na glavu zake, maana stoo inaweza kuwa tupu siku atakayofika. Mimi naona ni aibu ya taifa kumfanya mama maskini bohari ya akiba ya zahanati. Hata hivyo siwezi kumshauri aende mikono mitupu ili kuthibitisha hoja yangu. Glavu azinunue, pea moja moja kila mnada ukifika, tangu mimba ikiwa changa.

Finland walilitazama jambo hili kwa namna yao. Tangu 1938 serikali yao inawapa kina mama wazazi boksi lenye nguo za mtoto, blanketi na vifaa vingine, mwanzoni masikini peke yao, na kuanzia 1949 kila mama. Sharti likawa moja: afike kliniki kabla ya mwezi wa nne wa mimba kuisha. Boksi ndilo lililowavuta kliniki. Waganda nao wana fungu lao la serikali wanaloliita Mama Kit, ndani yake mna glavu, nailoni, wembe, nyuzi na pamba. Sisi tumemwachia kazi hiyo mama na kuku wake wa kuuza.

Turudi barabarani, maana kwa mtu wa Hirbadaw barabara ndiyo inayopanga mfuko. Mama anaweza kupelekwa Katesh, makao makuu ya wilaya, iliko hospitali ya Tumaini, au akavuka upande wa Mbulu kwenda Haydom. Njia zote mbili zina vumbi wakati wa kiangazi na utelezi wakati wa masika, na dereva anayejua njia hukwambia muda wa safari baada ya kutazama mbingu. Alfajiri ya Desemba 3, 2023, tope na mawe viliposhuka kutoka Mlima Hanang na kuifunika sehemu ya Katesh, watu walijifunza kwamba hata barabara kuu inaweza kutoweka asubuhi moja. Mjini Dar es Salaam uchungu ukianza jioni, mtu ana muda wa kuoga na kusuka nywele. Huku, ukisubiri uchungu ukolee ndipo utafute usafiri, unaweza kujifungulia kwenye shamba la ngano la mtu.

Kwa sababu hiyo vitu vizito zaidi katika mfuko ni vya mama anayetangulia hospitali kabla ya uchungu kuanza. Haydom, kama hospitali nyingine kadhaa nchini, wana nyumba ya mama ngojea, ambako mjamzito wa mbali anakaa karibu na leba mpaka siku yake. Mwenye ujauzito wa kwanza, aliyewahi kupasuliwa, mwenye mapacha, aliyewahi kutokwa damu nyingi au mwenye mimba ya sita au zaidi, asibishane na muuguzi akiambiwa atangulie wiki mbili kabla. Lakini mama ngojea si hoteli. Anakwenda na unga, maharage, chumvi, mafuta kidogo, sufuria, kikombe, sahani, blanketi zito na shuka. Akiwa na kazi ya mkono, ushanga au kofia ya kufuma, siku hazitamwelemea. Ni hesabu ngumu nyumbani, kwa sababu kuna watoto wengine na kuna ng'ombe, na mama mkwe ndiye atakayebeba mzigo huo. Ndiyo maana mama mkwe ashirikishwe mapema. Asije akaambiwa siku ya safari.

Kadi ya kliniki isikae begini hata kidogo. Ikae mwilini, ndani ya mfuko wa nailoni, pamoja na kadi ya bima kama kaya inayo (Mfuko wa Afya ya Jamii, yaani CHF, iliyoboreshwa ilianza kwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita). Kadi ya kliniki ndiyo inayomwambia mkunga wa usiku, asiyemjua huyu mama, kundi lake la damu, wingi wa damu, chanjo za pepopunda, majibu ya vipimo vya VVU na kaswende, na uzazi uliopita ulikwendaje. Pesa zifungwe kwenye ncha ya khanga kama bibi zetu walivyofanya, ila zigawanywe: za safari kwa mume au shemeji, za dharura kwa mama mwenyewe.

Simu ya kitochi iliyojaa chaji nayo ni kifaa cha uzazi. Namba ya kukariri ni 115, ya mfumo wa m-mama uliozinduliwa kitaifa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 2022. Kupiga ni bure, hata simu isiyo na salio inapita. Anayepokea anauliza hali ya mgonjwa, kisha anatafuta gari la wagonjwa, na lisipokuwepo karibu anampigia dereva wa kijijini aliyesajiliwa, ambaye analipwa na mfumo kwa simu yake. Ni kwa dharura tu, haifanyi kazi ya teksi kwa kila mwenye uchungu. Kwa hiyo namba ya bodaboda au ya mwenye gari hapo kijijini iwepo pia, na awe ameshaambiwa mapema, kwa mwezi na wiki, asije akawa Singida siku hiyo.

Halafu kuna mtu wa kwenda naye. Naye apangwe kama vitu vingine, tena mapema. Huku kwetu mama wa Kiiraqw au wa Kidatoga anaweza kuwa hodari wa mambo yote na bado Kiswahili chake kikakwama uchungu unapopanda, wakati mkunga wa zamu ametoka Mbeya. Anayemsindikiza awe anasikia lugha zote mbili, awe amezaa, na asiwe mwoga wa damu. Wifi mara nyingi anafaa kuliko bibi.

Kwa wanawake wa Kibarbaig, ambao ni Wadatoga, kuna jambo ambalo orodha za magazeti ya mjini haziligusi. Sketi ya ngozi ya mwanamke aliyeolewa, hanang'wenda, ina heshima yake, na si vazi la kuingizwa leba likachafuka na kutupwa kwenye kapu. Aende na khanga za kubadilisha na mfuko safi wa kuihifadhia, au aiache nyumbani kwa mkono wa mtu anayemwamini. Zile bangili za shaba zilizojikunja mkononi nazo zivuliwe mapema nyumbani, taratibu, kwa sabuni. Mama akipelekwa chumba cha upasuaji kitu cha metali hakibaki mwilini, na mkono uliovimba saa tisa usiku hautoi bangili kirahisi. Nimeona watu wakitafuta msumeno.

Chakula hakitaki maneno mengi. Themosi ya uji wa ulezi au mtama wenye maziwa na samli, sukari au asali, maji ya kunywa. Mama mwenye uchungu anywe na ale kidogo kidogo kama mkunga hajamkataza, na akishajifungua atakuwa na njaa ya mtu aliyelima siku nzima. Anayemsindikiza naye ni mtu, abebe mkate wake.

Kuna vya kuacha nyumbani, na hapa sitapunguza ukali. Chupa ya dawa ya mizizi ya kuongeza uchungu isiingie mfukoni. Zipo zinazokaza mji wa mimba bila kipimo, na mkunga asiyejua kwamba mama ameinywa anaweza kumwongezea dawa ya hospitali juu yake. Mji wa mimba ukapasuka, mtoto akafa, na mama akamfuata. Kama ameshakunywa, aseme. Hakuna muuguzi mwenye akili atakayemfukuza. Kwenye kitovu vilevile kisiende chochote, si samli, si majivu, si mavi ya ng'ombe. Kiachwe kikavu mpaka kidondoke chenyewe, na kuoga kwa mtoto kusubiri angalau saa 24.

Wanaume wa kwetu hupenda kusema mfuko ni mambo ya kina mama. Basi wao wabebe kisichoingia mfukoni: damu. Kutokwa damu baada ya kujifungua kunaua haraka kuliko karibu kila tatizo lingine la uzazi, na benki ya damu ya hospitali inategemea watu wenye miguu miwili. Ndugu wawili watatu wenye afya wajulikane kabla, wawe tayari kutoa, na simu zao ziandikwe kwenye karatasi moja na namba za usafiri. Takwimu za kitaifa za mwaka 2022 zilionyesha vifo vya uzazi vimeshuka hadi 104 katika kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika utafiti wa 2015-16, na wanaojifungulia vituoni wamefika asilimia 81. Mengi yamefanyika. Lakini wastani wa taifa hauvuki mto uliofurika, na wale asilimia 19 hawakai Mikocheni, Dar es Salaam.

Mama akiruhusiwa kurudi nyumbani, begi linakuwa jepesi kwa khanga na glavu, na zito kwa karatasi moja: tangazo la kizazi, ambalo bila hilo cheti cha kuzaliwa kinakuja kuwa safari nyingine ya kwenda wilayani. Likae pamoja na kadi. Ile namba 115 iandikwe mlangoni kwa mkaa, kwa sababu bado inamhusu mama mpaka siku ya 42 na mtoto mpaka siku ya 28. Mama akiloweka pedi moja baada ya nyingine, akishikwa na homa, kichwa kikali au degedege, namba hiyo ipigwe. Mtoto akikataa ziwa, akipoa mwili, akihema haraka au kitovu kikitoa usaha, wasisubiri kupambazuke.