Dirisha Lililofunguka Nje ya Skrini

Stima ikipotea Karurumo, laptopu ya saiba hubaki hai kwa betri, lakini skrini ya pili, ile inayomtazama mteja ili asome anachochapiwa, huzimika papo hapo. Mwenye duka anabofya Notepad++. Alama yake inawaka pale chini, ila dirisha halionekani. Anabofya tena, wapi! Wengi hapo huzima mashine kwa nguvu. Nawasihi wasifanye hivyo. Barua ya mteja bado imo ndani ya dirisha hilo, na kama haijahifadhiwa huenda ikapotea.

Windows hupima mahali kwa namba. Kona ya juu kushoto ya skrini kuu ni 0,0. Skrini ya pili ikipangwa kushoto kwake, vilivyomo huko hupata namba hasi, tuseme -1900. Programu nyingi hukariri namba hizo zinapofungwa na kuzirudia zinapofunguliwa. Tena, skrini iliyokosa umeme mara nyingi bado huhesabiwa kuwa ipo, kwa sababu kijisehemu kinachoitambulisha hupata umeme kutoka kwa laptopu kupitia kebo.

Kwa hiyo anza kwa kuchomoa kebo. Aghalabu Windows huyarudisha madirisha kwenye skrini iliyobaki. Dirisha likikaidi, bofya alama yake, kisha bonyeza Alt pamoja na kitufe cha nafasi, halafu M. Kipanya usikiguse bado. Bonyeza kitufe chochote cha mshale mara moja: sasa dirisha limeshikana na kielekezi, na ukisogeza kipanya linafuata. Likifika, bofya uliachilie. Kama lilikuwa limepanuliwa kujaza skrini nzima, M haitaitika. Rudia Alt na kitufe cha nafasi, bonyeza R, ndipo uanze upya.

Kufuta programu na kuisakinisha tena ni kazi ya bure ikiwa mipangilio ya zamani imebaki. Notepad++ huweka namba zake katika faili ya config.xml, ndani ya folda ya %APPDATA%\Notepad++, kwenye mstari wa AppPosition. Ifunge programu kabisa, fungua faili hiyo kwa Notepad ya kawaida, fanya x na y ziwe 0, uhifadhi. Ukihariri programu ikiwa wazi, itafuta mabadiliko yako inapofungwa. Ukikuta -32000 usishtuke: huko ndiko Windows hupeleka madirisha yaliyokunjwa, na kuna programu hukariri namba hiyo kimakosa.

Windows 11 pia inaweza kukumbuka madirisha yalikuwa skrini ipi. Mpangilio huo uko System, Display, Multiple displays. Unafaa sana, lakini kwa saiba una hatari yake: stima ikirudi, nyaraka za mteja aliyetangulia, pengine zenye namba yake ya kitambulisho, zaweza kujitokeza mbele ya mteja mwingine. Zifunge kabla hujarudisha kebo.