Masizi kwenye injini: soma plagi kwanza kabla hujatoa hela

Mada ya leo ni ya wenye gari, wanaoendesha gari ya bosi kwa hesabu, na wana bodaboda pia: masizi ndani ya injini, au kaboni kama mafundi wanavyoiita.

Hapa Babati stori ni ile ile. Gari haivuti ukipandisha Dareda kuelekea Mbulu, sailensa inapanda na kushuka, asubuhi inawaka kwa shida, petroli inaisha upesi. Unaenda gereji unaambiwa, "Injini imejaa kaboni, lazima ifunguliwe." Kwa dereva wa hesabu hiyo ni siku kadhaa bila kazi, na bosi naye anataka chake. Fundi anaweza kuwa sahihi. Lakini kuna kipimo unachoweza kufanya mwenyewe nyumbani kabla ya kukubali injini ifunguliwe: toa plagi uisome.

Masizi yanatoka wapi?

Angalia kibatari. Utambi ukiwa mrefu sana kinatoa moshi mweusi na ukuta unachafuka, kwa sababu mafuta ni mengi kuliko hewa. Injini ni hivyo hivyo. Kilo 1 ya petroli inahitaji kama kilo 14.7 za hewa ili iungue vizuri. Hewa ikipungua au petroli ikizidi, kinachobaki bila kuungua kinaganda kwenye plagi, kichwa cha pistoni, valvu na ekzosi.

Huku kwetu sababu kubwa ni hizi:

1. Filta ya hewa imeziba. Ukizunguka njia za vumbi kiangazi, filta inajaa haraka kuliko kitabu cha gari kinavyosema. Pikipiki na gari za kabureta ndizo zinaumia zaidi.

2. Themostati imetolewa. Hii wengi hawaijui. Gari ikichemsha, kuna mafundi wanaitoa themostati na kuitupa. Matokeo yake injini inachelewa kupata moto, hasa asubuhi za Juni na Julai, na kompyuta ya gari inaendelea kumwaga petroli nyingi ikidhani gari ndiyo kwanza imewashwa.

3. Safari fupi fupi. Stendi hadi Bagara, unazima. Stendi hadi Mrara, unazima. Plagi inajisafisha yenyewe ncha yake ikifika nyuzi joto kama 450 hivi. Kwa safari za dakika tano haifiki huko.

4. Injini inakula oili. Ringi au sili za valvu zikichoka, oili inaingia kwenye chumba cha moto na kuungua humo.

5. Petroli mbovu. Wakubwa mnakumbuka neno "uchakachuaji" lilivyovuma. Watu walichanganya mafuta ya taa kwenye petroli na dizeli kwa sababu yalikuwa na kodi ndogo. Mwaka 2010 EWURA ikaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta, na bajeti ya 2011/12 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili ujanja huo usilipe. Hata hivyo petroli ya kwenye madumu na chupa za maji njiani hujui imepita wapi.

Jinsi ya kusoma plagi

Subiri injini ipoe kabisa. Vichwa vya injini nyingi ni vya aluminiamu, ukifungua plagi ikiwa ya moto unaweza kuharibu nyuzi, na hapo ndipo gharama inaanza. Puliza vumbi lote kuzunguka plagi, maana mchanga ukidondokea kwenye silinda utakwangua kuta zake. Toa moja moja kwa spana ya plagi, zipange kwa mpangilio wa silinda. Sasa tazama ncha:

- Kahawia hafifu au kijivu: injini iko poa. Mtu akikwambia ifunguliwe kwa sababu ya kaboni, muulize ameiona wapi.
- Nyeusi kavu, masizi yanafutika kwa kidole: petroli imezidi hewa, au injini haipati moto wa kutosha. Nenda namba 1, 2 na 3 hapo juu.
- Nyeusi yenye utelezi wa oili: injini inakula oili. Hapa kusafisha ni kujidanganya, fundi anahitajika kweli.
- Nyeupe kama imebabuka: injini inapata joto kali mno au petroli haitoshi. Usiendelee na safari ndefu.

Kama plagi moja tu ni chafu na nyingine safi, tatizo ni la silinda hiyo: koili, nozeli au ringi zake.

Unachoweza kusafisha mwenyewe

Plagi za kawaida zisugue taratibu kwa mswaki wa zamani na petroli kidogo, mbali na moto, kisha ziache zikauke. Zile za iridiamu zenye ncha nyembamba kama sindano usiziguse kwa brashi ya waya, zikichoka nunua nyingine. Kurudisha, anza kwa mkono mpaka ikae, ndiyo umalizie na spana kidogo. Ukianza na spana ukaikosea nyuzi, umeumia.

Filta ya hewa ya karatasi ikungute, ikiwa nyeusi badilisha. Usiioshe kwa maji.

Mlango wa hewa, ule mafundi wanaouita throto, mara nyingi ndiyo unasumbua sailensa. Zima gari, fungua mpira wa hewa, pulizia sprei ya kusafishia kwenye kitambaa na ufute weusi. Kama throto inaendeshwa kwa umeme, usiisukume kwa kidole kwa nguvu.

Dawa za kumimina kwenye tenki zipo, tafuta iliyoandikwa PEA. Ila jua gari yako. Noah ya zamani yenye injini ya 3S-FE inamwaga petroli nyuma ya valvu, kwa hiyo dawa inazipitia na kuziosha. Noah yenye maandishi ya D-4, ile ya 1AZ-FSE, inamwaga petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Dawa ya tenki haizigusi valvu za kuingizia hewa hata kidogo, na ndiyo maana hizo zinajaa masizi zaidi. Hapo ni kazi ya fundi kufungua manifodi na kusafisha kwa mkono.

Baada ya hapo ipe gari safari ya maana. Lami ya kwenda Kondoa hadi Dodoma ipo tangu 2018, na ya kuelekea Magugu ipo. Mwendo wa kawaida, vibao vya 50 uviheshimu, injini ipate moto wake sawasawa.

Vitu vya kutofanya

Kuna jamaa wanamwagia maji kwenye njia ya hewa injini ikiwa inaunguruma, eti mvuke unang'oa kaboni. Maji hayabanwi kama hewa. Yakiingia mengi kwenye silinda, pistoni inagonga ukuta na konrodi inapinda. Hapo umegeuza tatizo la plagi kuwa tatizo la injini nzima.

Kubwa kuliko yote: usiiache injini ikiunguruma ndani ya banda au chumba kilichofungwa. Moshi wa ekzosi una gesi ile ile ya jiko la mkaa inayoua watu wamelala. Haina harufu wala rangi. Sukuma gari nje kwanza.

Jambo la kukumbuka ni hili: masizi ni dalili, ugonjwa wenyewe uko kwingine. Ukisafisha leo ukaacha themostati haipo na filta imeziba, baada ya muda yatarudi yale yale. Safisha, halafu soma plagi tena baada ya wiki mbili. Zikiwa kahawia, umepona. Zikiwa nyeusi tena, nenda gereji ukiwa nazo mkononi, mwoneshe fundi, na muongee mkiangalia kitu kimoja.

Mwenye uzoefu na D-4 au na fundi aliyetoa themostati, amwage hapo chini wengine tujifunze.