Sifuri na Kimya: Juu ya Mazungumzo ya Tarakilishi na Transmita ya Kiwandani

Sisi tunaoshughulikia istilahi tuna mazoea ya kulitafuta neno kabla ya kukifahamu kitu. Makala haya yanakusudia kufuata njia iliyo kinyume: kueleza kwanza jinsi tarakilishi, ambayo wengi huiita kompyuta, inavyounganishwa na transmita ya kupimia viwandani, ndipo tuulize ni maneno gani yanayostahili.

Tuchukue mfano wa tangi la maji lenye kina cha mita 10. Transmita iliyofungwa chini yake huhisi uzito wa maji na kuutafsiri kuwa mkondo wa umeme wa kati ya miliampea 4 na 20. Tangi likiwa tupu, mkondo ni 4, likifika nusu, 12, likijaa, 20. Nyaya mbili hutosha: hizo hizo zinazoilisha transmita umeme ndizo zinazochukua habari yake. Ili tarakilishi iweze kusoma, mkondo hupitishwa katika rezista ya omu 250. Kwa kanuni ya Ohm, miliampea 4 huleta volti 1, na miliampea 20 huleta volti 5. Volti hizo ndizo zinazogeuzwa kuwa tarakimu.

Je, kwa nini hesabu isianzie 0? Jibu lake ni la kilugha hasa. Mtu ajibuye "sina" amekwisha jibu. Anyamazaye hatujui kama hana au hayupo. Miliampea 4 ni "sina"; miliampea 0 ni kimya cha waya uliokatika. Lau viwili hivi vingekuwa kimoja, tarakilishi ingedhani tangi ni tupu, ikaamuru pampu iendelee kujaza mpaka maji yafurike.

Tangu miaka ya 1980 umekuwapo pia utaratibu uitwao HART, ambao huupandisha ujumbe wa tarakimu juu ya mkondo ule ule. Mawimbi ya hezi 1200 husimama badala ya 1, na ya hezi 2200 badala ya 0. Kwa kuwa mawimbi hayo hupanda na kushuka kwa kadiri moja, wastani wa mkondo haubadiliki, na kipimo hakiharibiki. Tarakilishi huuliza kwa njia ya modemu. Transmita, kwa kawaida, hujibu inapoulizwa tu. Hapa pia rezista ina kazi: ikikosekana ukinzani wa kutosha njiani, chanzo cha umeme huumeza ujumbe.

Basi tukiiita transmita hii "mtambo wa kurushia", tutamwelekeza fundi kwenye redio. Napendekeza "kipasha-kipimo", kwani kazi yake ni kupasha habari. Na ile miliampea 4 tuiite "sifuri yenye mkondo", ili mwanafunzi asiichanganye kamwe na kimya. Wenzetu walio na maneno bora zaidi na wayalete, mradi yalinde tofauti hiyo.