Hewa Inayolisha Shamba

Leo tuzungumze juu ya hewa.

Msimu mmoja nilimtembelea mzee mmoja shambani kwake. Mahindi yalikuwa yamefika magotini, kisha majani ya chini yakaanza kugeuka manjano, kuanzia nchani na kufuata uti wa jani. Akaniuliza, "Bwana shamba, huu ni ugonjwa gani?" Nikamjibu, "Mzee wangu, hii ni njaa. Mahindi yako yamekosa naitrojeni." Na ajabu ni kwamba mahindi hayo yalizungukwa na naitrojeni pande zote.

Sikilizeni vizuri. Tuseme tumechota hewa kavu madebe 100. Madebe 78 ni naitrojeni. Madebe 21 ni oksijeni, ambayo sisi na mifugo yetu twaivuta tupate uhai. Debe moja lililobaki karibu lote ni argoni, hewa isiyoungana na kitu. Hewa ya ukaa, ambayo majani huitumia pamoja na maji na jua kutengeneza chakula, haijazi hata chupa ya lita moja. Tena umo mvuke wa maji, na chembe ndogo sana za vumbi, moshi na chumvi ya bahari. Msizidharau chembe hizo. Mvuke huzishika ukawa matone ya mawingu, na huko ndiko mvua inakoanzia.

Sasa, kwa nini mahindi yaone njaa katikati ya madebe 78? Kwa sababu naitrojeni ya hewani imeshikana mbili mbili kwa nguvu, na mahindi hayawezi kuitenganisha. Viwanda vya mbolea huitenganisha kwa joto kali na mgandamizo mkubwa, ndiyo maana mfuko una bei. Lakini kunde, karanga na mbaazi, na hata maharage kwa kiasi kidogo, vina kiwanda chao mizizini. Chimbua taratibu mche mmoja wa kunde unaochanua, utaona vinundu. Pasua kimoja kwa ukucha. Kikiwa chekundu au cha waridi ndani, bakteria waliomo wanafanya kazi. Kikiwa cheupe au kijani, hakuna kazi.

Mzee yule alikuwa amelima kunde hapo hapo msimu uliotangulia. Baada ya kuvuna akang'oa miche yote na mizizi yake, akachoma. Naitrojeni ikapaa na moshi, ikarudi ilikotoka. Likabaki jivu.

Basi, mkivuna, kateni mashina na mwache mizizi ardhini. Majani na maganda yarudisheni shambani, au wapeni ng'ombe, yarudi kama samadi. Msimu unaofuata pandeni mahindi hapo. Sisemi mtaacha mbolea kabisa, maana naitrojeni nyingi huondoka na punje tunazokula. Lakini mzigo wa kununua utapungua.

Ndugu wakulima, kiberiti kibaki jikoni. Mpaka juma lijalo, kwaherini.