Diploma hadi digrii: tuliyojifunza Nakuru baada ya kupoteza mwaka mzima

Jioni moja dada yangu alinipigia simu kutoka Kisauni. Hata salamu hakuzimaliza. "Kaka, mtoto aniambia eti aanza upya mwaka wa kwanza. Si alisoma miaka mitatu huko kwako? Ile karo niliyolipa imekwenda wapi?"

Sikuwa na jibu. Mimi ni mtu wa Pwani, kazi ndiyo iliyonileta Nakuru, na nyumba yangu iko Bondeni. Mpwa wangu alikaa kwangu miaka mitatu akisomea diploma ya teknolojia ya habari. Alifaulu vizuri, akaomba chuo kikuu, barua ya kukubaliwa ikaja, tukapika pilau. Barua yenyewe hatukuisoma ikaisha. Ilisema wazi kwamba ameingia mwaka wa kwanza. Alipokwenda idarani kuuliza, aliambiwa angeweza kusamehewa masomo kadhaa lau angeomba mapema na kuleta mtaala wa chuo alikotoka. Muda wa kuomba ulikuwa umepita. Tukalipa mwaka mzima, karo na kodi ya chumba, ili asome mambo aliyokwisha kuyasoma.

Naandika haya kwa sababu vijana wengi wa Pwani wanakuja kusoma huku bara, na wazazi wengi wanadhani kupanda kutoka diploma hadi digrii ni jambo linalojiendea lenyewe. Haliendi hivyo. Linataka kupangwa, tena tangu mwaka wa kwanza wa diploma.

Tuanze na ngazi yenyewe. Nchini Kenya, mwanafunzi anayetoka kidato cha nne anahitaji wastani wa C+ katika KCSE ili aingie digrii moja kwa moja. Aliye chini ya hapo hadi C- njia yake ni diploma, na mwenye D ya kawaida huanzia cheti. Diploma basi si mwisho wa safari. Sheria ya Mfumo wa Kitaifa wa Sifa za Masomo ya mwaka 2014 iliwekwa ili mtu aweze kupanda kutoka daraja moja hadi jingine bila kuhesabiwa kama hajui kitu.

Hata vyuo vyenyewe vimepanda hivyo hivyo. Egerton, iliyoko Njoro, kilomita kama 25 kutoka mjini Nakuru, ilianza mwaka 1939 kama shule ya kilimo, ikawa chuo cha diploma mwaka 1950, na chuo kikuu kamili mwaka 1987. Kwetu Mombasa, ile MIOME waliyosomea wazee wetu ikawa Mombasa Polytechnic mwaka 1972, na leo ni Technical University of Mombasa tangu mwaka 2013. Tofauti ni kwamba chuo kina miaka hamsini ya kupanda. Mtoto wako ana karo ya kuhesabu.

Sasa, ya kufanya ni haya.

Kwanza, kabla ya kulipa karo ya diploma, hakikisha chuo kimesajiliwa na TVETA, mamlaka inayosimamia vyuo vya ufundi, na kozi yenyewe imeidhinishwa. Uliza pia mtihani wa mwisho unatungwa na nani. Nakuru kuna vyuo vingi, kuanzia Rift Valley National Polytechnic, ambayo wengi bado wanaiita RVIST, mpaka vile vilivyo juu ya maduka. Jengo zuri si usajili.

Pili, jua alama zinazotakiwa. Katika diploma za KNEC, alama ya 1 na 2 ni distinksheni, 3 na 4 ni krediti, 5 na 6 ni pasi. Idara nyingi za vyuo vikuu humtaka mwenye krediti kwenda juu. Kijana anayesema "bora nipite tu" anajifungia mlango bila kujua. Walio katika kozi mpya za umahiri, zinazotahiniwa na TVET CDACC, matokeo yao huandikwa kwa namna nyingine, kwa hiyo waulize mapema chuo kikuu wanachokilenga kinayasoma vipi.

Tatu, weka karatasi. Hapa ndipo sisi tulipoanguka. Chuo kikuu hakisamehe somo kwa sababu umelifaulu tu. Mkuu wa idara hulinganisha mada ulizosoma na mada za somo lao, na saa ulizofundishwa. Akikosa mtaala wa kulinganisha, hana la kufanya. Kwa hiyo mwanafunzi atoke chuoni na vitu vitatu: matokeo ya kila somo kwa kila mwaka, mtaala wa kozi nzima wenye muhuri wa chuo, na barua ya kumaliza. Avichukue angali mwanafunzi. Akishaondoka, kila karatasi itamgharimu nauli ya basi kutoka Mombasa.

Nne, uliza kwa maandishi kabla ya kulipa. Maswali ni mawili: nitaingia mwaka wa ngapi, na ni masomo yapi nimesamehewa? Jibu la mdomo dirishani si jibu. Usitarajie pia kusamehewa kila kitu. Kanuni za Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu haziruhusu masomo yaliyohamishwa kufika nusu ya digrii. Anayeahidi kwamba utamaliza kwa mwaka mmoja, mwogope.

Tano, tazama mbele ya digrii. Kuna kazi ambazo chuo kikuu kinaweza kukupokea, ukahitimu, kisha mlango wa kazi ukabaki umefungwa. Mfano ni ualimu. Mwenye digrii ya kufundisha sekondari, TSC hurudi kutazama KCSE yake na alama za masomo mawili anayofundisha. Wauguzi wana Baraza la Wauguzi, wahandisi wana bodi yao, na wanasheria wamebishana hadi mahakamani kuhusu nani anastahili kuingia Kenya School of Law kwa kupitia diploma. Muulize anayetoa leseni, usimuulize anayepokea karo pekee.

Sita ni pesa. Aliyepangiwa chuo kikuu na KUCCPS baada ya KCSE ana njia ya ufadhili wa serikali. Anayeomba moja kwa moja kwa diploma, mara nyingi huhesabiwa kama mwanafunzi wa kujilipia, na karo yake huwa juu. Aulize HELB kuhusu mkopo kabla ya kujisajili, na familia ifanye hesabu ya miaka yote, si ya muhula wa kwanza. Diploma ya miaka mitatu na digrii ya minne ni miaka saba. Akiingia mwaka wa pili, ni sita. Huo mmoja unaookolewa ni karo, ni kodi, ni chakula, na ni mwaka mmoja mapema wa kuanza kumsaidia mamake.

Msiusahau na mwili. Njoro ni baridi. Mtoto aliyezoea joto la Kisauni anahitaji blanketi zito na sweta, na hizo nazo ni pesa za kupangwa.

Mpwa wangu hakukata tamaa. Aliurudia ule mwaka, na sasa yuko wa tatu. Lakini dada yangu aliuza cherehani yake mwaka ule, na mimi nilimwona kijana akikaa darasani kusikiliza somo ambalo angeweza kulifundisha.

Mdogo wake ameanza diploma muhula huu, naye anakaa kwangu. Siku ya kwanza nilimnunulia faili. Kila muhula ukiisha, matokeo yanaingia humo kabla hajapanda basi kwenda nyumbani. Juzi alinicheka: "Mjomba, wewe na faili lako!"

Acheke tu. Mamake hana cherehani nyingine ya kuuza.